Mtoto akicheza 'bunduki', mtazame kwanza

Huenda nawe, mzazi, umewahi kuelekezewa bunduki ukiwa jikoni ukisonga ugali. Bunduki yenyewe ni mwiko wa zamani, au kipande cha mkate kilichoumwa huku na huku hadi kikapata kitako na mtutu. Anayeishika ana umri wa miaka minne. Anakuamuru uinue mikono juu, anapiga 'risasi' kwa mdomo, na usipoanguka chini anakasirika.

Siku inayofuata unapokwenda kumchukua shuleni, mwalimu anakuita kando. Anakueleza kwamba mtoto wako ndiye kiongozi wa genge, kwamba wakati wa mapumziko wavulana wote hugeuka kuwa polisi na Spider-Man, na kwamba juzi mmoja aligongwa kichwani na mwingine akalia mpaka saa ya uji. Anakuomba uzungumze naye. Unafika nyumbani ukiwa na aibu na hasira, na mkono umeanza kukuwasha.

Subiri kidogo, msomaji. Michezo ya mashujaa na silaha ni ya kawaida kabisa kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na sita. Si dalili kwamba umezaa jambazi. Hata hivyo, katika jiji hili la Nairobi, na hasa ukitoka katikati ya mji kuelekea magharibi, kupitia Westlands hadi Kangemi na Kawangware, kuna mchezo wa pili unaofanana sana na huo wa kwanza. Huo ni mchezo wa mtoto anayerudia jambo la kutisha aliloliona. Mchezo wa kwanza unahitaji nafasi na mipaka. Wa pili unahitaji mtu mzima aketi karibu. Ukiikomesha yote miwili kwa kiboko, hutajua kamwe ulikuwa ukitazama upi.

KWA NINI WANAUPENDA

Fikiria maisha ya mtoto wa miaka minne. Anaamshwa kabla hajashiba usingizi, anavishwa sweta asiyoipenda, anabanwa magotini pa mama ndani ya matatu, kisha anaachwa mlangoni mwa shule na mtu anayemwambia asilie. Hakuna analoliamua. Anaogopa giza, mbwa wa jirani, choo cha shimo na kusahauliwa. Anapojifunga leso mabegani na kutangaza kwamba yeye ni Spider-Man, basi kwa dakika kumi yeye ndiye mwenye nguvu, na wengine ndio wa kutetemeka.

Jambo hili si geni kwetu wala halikuletwa na runinga. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 miongoni mwa ngano alizozikusanya Unguja, paka mla watu aitwaye Nunda anaangamiza mifugo na watu, mpaka mwana mdogo wa sultani anapokwenda kumsaka. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine akidhani ndiye, na kila mara mama yake anamwambia siye. Wengi wetu tulisimuliwa na nyanya zetu habari za mazimwi yaliyomeza kijiji kizima, yakapasuliwa, watu wakatoka wazima. Tulizipenda hadithi hizo kwa sababu zilitutisha na kisha zikatutuliza. Tena wengi wenu mnaosoma makala haya mlitembea na feya mfukoni mlipokuwa wadogo, na si ndege peke yao walioionja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi anajifunza jambo kubwa, yaani kitu kimoja kinaweza kusimama mahali pa kingine. Gunzi la mahindi likiwa bunduki sasa hivi, na baada ya dakika tano likawa simu, kisha likawa chupa ya mtoto mchanga, akili inafanya kazi ile ile itakayohitajika mwakani atakapoambiwa kwamba alama fulani ubaoni ni sauti 'a'. Bastola ya plastiki iliyonunuliwa dukani haina bahati hiyo. Asubuhi ni bastola, jioni ni bastola.

Wala usifadhaike mno ukisikia neno 'nimekuua'. Mtoto wa umri huo bado hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Kwake yeye, maiti huinuka mara tu uji ukiitwa. Uelewa kamili huja polepole, kwa wengi wakiwa na miaka kati ya mitano na saba.

Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani waliwapa watoto 180, wa miaka minne na sita, kazi ya kuchosha ya dakika kumi, huku mchezo wa kuvutia wa kompyuta ukiwa karibu yao. Watoto walioambiwa wajifanye Batman au mhusika mwingine mchapakazi ndio waliodumu na kazi muda mrefu zaidi. Ushujaa wa kuigiza, kumbe, unaweza hata kumsaidia mtoto amalize kazi aliyopewa.

Lakini tusidanganyane. Mwaka huo huo wa 2017 watafiti wengine wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 240 wa umri wa chekechea. Wale waliozama sana katika vipindi vya mashujaa walikuwa wakali zaidi mwaka mmoja baadaye, na hawakuonekana kuwatetea wenzao zaidi ya watoto wengine. Maana yake ni kwamba mtoto mdogo huona ngumi, lakini sababu ya ngumi humpita. Mtu mzima anajua kwamba shujaa anapiga kwa ajili ya kuokoa. Mtoto anajua kwamba anapiga.

Utafiti mwingine, wa mwaka 1992, uliwachunguza watoto 36 wa miaka mitatu hadi mitano. Ulionyesha kwamba wavulana waliocheza sana na bunduki za kuchezea walikuwa na ugomvi wa kweli zaidi. Ila utafiti huo huo ulionyesha kwamba adhabu za wazazi nyumbani zilihusiana sana na ukali wa watoto. Ningependa habari hii ibandikwe ukutani katika kila nyumba ambamo mtoto huchapwa kwa kosa la kucheza kupigana.

Tofauti basi iko wapi? Kwa maoni yangu iko kati ya mtoto anayebuni na mtoto anayeiga. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ililegeza masharti ya vipindi vya watoto vya runinga, na muda si muda vikaanza kutengenezwa vipindi ambavyo kazi yake hasa ni kuuza vikaragosi na silaha za plastiki. Walimu wa huko walianza kulalamika kwamba mchezo umekauka: watoto wanarudia yale yale waliyoyaona, kwa maneno yale yale, na mwisho ni vita. Vipindi hivyo, na vilivyofuata baada yake, tumevitazama hata sisi. Mtoto anayerudia kipindi cha jana neno kwa neno hajawa mtundu, ameishiwa tu na mambo ya kuigiza, naye mtu mzima anaweza kumpa mengine.

MARUFUKU HAISAIDII SANA

Shule nyingi hujibu kwa amri moja: hapa hakuna bunduki. Ni amri inayoeleweka. Mwalimu mwenye watoto arobaini ndani ya chumba cha mabati, na kiwanja kisichozidi upana wa matatu mbili, hana nafasi ya vita. Na kuna wazazi ambao, kwa sababu ya dini au ya msiba uliowapata, hawataki hata kusikia neno hilo. Nao wana haki ya kusikilizwa.

Tatizo ni yale yanayofuata baada ya amri. Mtoto akikamatwa na vipande vya mbao alivyoviunganisha, husema upesi, "Si bunduki, ticha, ni drili." Amejifunza kudanganya. Mchezo nao unahamia nyuma ya vyoo, mahali ambapo mwalimu haoni. Penny Holland, aliyefanya kazi katika shule za watoto wadogo jijini London, aliandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 2003. Alieleza kwamba chini ya amri ya kupiga marufuku, wavulana wale wale ndio waliokemewa kutwa nzima, na kwamba shule zilipolegeza amri na walimu wakaingia katika mchezo, vita havikuongezeka kama ilivyohofiwa. Baada ya muda hadithi za watoto zilitanuka, zikapata mambo mengine. Kabla yake, mwaka 1984, mwalimu Vivian Paley wa Chicago alikuwa ameandika jinsi wavulana wa darasa lake walivyovamia kona ya wanasesere wakiwa mashujaa, na jinsi yeye mwenyewe alivyogundua kwamba alikuwa akiuhukumu mchezo wao kwa ukali kuliko wa wasichana.

Kuhusu kiboko hakuna la kujadili. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili. Isitoshe, mtoto anayechapwa kwa sababu alicheza kupiga anafundishwa kwamba kupiga ni kwa wakubwa tu.

JE, NI MCHEZO AU NI UGOMVI?

Kabla hujapaza sauti, tazama nyuso. Wanaocheza huwa na uso mlegevu, hucheka, mdomo wazi. Hubadilishana zamu, aliyekuwa akikimbizwa sasa ndiye anayekimbiza. Mwenye nguvu hujizuia kidogo ili mdogo naye apate kushinda. Na mchezo ukiisha, hubaki pamoja.

Ugomvi una sura nyingine. Uso umekunjwa, macho yamekazwa, meno yameumana. Mmoja ndiye anayepigwa kila mara. Mwingine anajaribu kutoroka na anazuiwa. Ukiisha, kila mmoja anakwenda upande wake. Hapo usitazame zaidi, ingilia.

Mara nyingi mchezo hugeuka kuwa ugomvi kwa sababu ndogo tu: mtoto hajui kusema kwamba amechoka kuwa mwizi. Zamu ya kuwa mwizi humwangukia mdogo, au mgeni, au yule anayezungumza lugha tofauti na wenzake. Mwalimu akiona mtoto mmoja amekuwa mwizi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, aulize kwa nini.

MCHEZO ULIOKWAMA

Sasa tuje kwa ule mchezo wa pili.

Agosti 7, 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pembeni mwa barabara za Moi na Haile Selassie, likaua watu 213 hapa Nairobi. Jumamosi, Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate huko Westlands, kulikuwa na mashindano ya upishi ya watoto juu ya paa la kuegeshea magari. Mkasa huo ulichukua siku nne na watu 67 wakauawa. Januari 15, 2019 ikawa zamu ya DusitD2, barabara ya Riverside, ambako watu 21 walipoteza maisha. Mitaa ya mabanda na ya ploti nayo imekuwa na mambo yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika huko, na Oktoba 2017 Kawangware ilishuhudia tena nyumba na vibanda vikiteketea. Juni 25, 2024 waandamanaji waliingia Bungeni na katikati ya jiji kukajaa moshi wa vitoa machozi na milio ya risasi. Julai 7, 2025 polisi na waandamanaji walikabiliana Kangemi, kandokando ya barabara ya Waiyaki, hatua chache kutoka milango ya watu.

Kila mara kulikuwa na watoto. Wengine walikuwa pale pale. Wengine walilala chini ya kitanda wakisikia helikopta. Wengine waliona yote kwenye runinga, picha ile ile ikirudiwa asubuhi, mchana na jioni, na mtoto wa miaka minne hajui kwamba ni picha ya jana. Kwake kila mara ni shambulio jipya.

Basi usishangae michezo yao ikibeba mambo haya. Tangu Westgate, hakuna jengo kubwa la maduka utakaloingia Westlands au mjini bila kukaguliwa mkoba, na gari kuchunguliwa kwa kioo chini. Mtoto anayempapasa mwenzake kwa rula na kumwamuru afungue mkoba anaigiza anachokiona kila Jumamosi. Pengine baba yake ndiye askari wa mlangoni huko Lavington. Mchezo huo ni wa kawaida, nao una raha yake. Vivyo hivyo wale wanaojigawa kuwa polisi na waandamanaji, wakirushiana majani na kukohoa 'moshi', halafu wakacheka na kwenda kunywa maji. Wanajaribu kuelewa dunia waliyoikuta.

Wa kutiliwa shaka ni mchezo uliokwama. Aliyeueleza vyema ni daktari Lenore Terr wa Marekani. Julai 15, 1976, huko Chowchilla, California, watoto 26 waliokuwa kwenye basi la shule walitekwa nyara pamoja na dereva wao na kuzikwa ndani ya trela ya lori, wakakaa humo saa kama 16 kabla ya kujiokoa wenyewe. Dkt Terr aliwafuatilia watoto hao, na jambo moja alilolieleza ni michezo yao. Waliigiza yaliyowapata, tena na tena, lakini hawakupata nafuu. Mchezo wa kawaida humwacha mtoto akiwa amefurahi au amechoka vizuri. Huu humwacha na hofu ile ile aliyoanza nayo.

Ndiyo maana nakuomba utazame kwanza. Je, mtoto anacheza tukio lile lile, kwa mpangilio ule ule, siku baada ya siku? Je, hakuna anayeokolewa kamwe, wala hakuna mwisho? Uso wake umekauka, hacheki? Ukimwita kula haitiki, ni kama hakusikii? Je, anawalazimisha wenzake waingie mchezoni, nao wanaogopa? Tazama pia mambo yaliyo nje ya mchezo: ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, anashtuka mlango ukibamizwa, anaota akipiga mayowe, anang'ang'ania sketi ya mama, analalamika tumbo asubuhi ya shule, au ameacha maneno aliyokuwa ameyajua.

Majuma machache baada ya tukio, dalili hizo huwapata watoto wengi na hupungua zenyewe wakipata utulivu. Zikipita mwezi mmoja, au zikimzuia kula, kulala au kwenda shule, mpeleke kwa wataalamu. Huna haja ya kuanza na hospitali ya ghali. Kituo cha afya kilicho karibu nawe, kama kile cha Kangemi au cha Riruta, kinaweza kukuelekeza panapofaa, ikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa Childline Kenya, nambari 116, au kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199.

Wakati huo huo, wewe na mwalimu mna kazi yenu. Usimhoji mtoto kama polisi. Usimwambie asahau. Keti chini, karibu na mchezo, urefu wako uwe kama wake, na useme unachokiona tu: "Naona watu wamejificha chini ya meza." Nyamaza kidogo. Kisha uliza swali linalofungua mlango: nani anakuja kuwasaidia? Ambulensi iko wapi? Wakitoka hapo wanakwenda nyumbani kwa nani? Mpe sanduku tupu liwe gari la hospitali, kipande cha kitambaa kiwe bendeji, na wewe uwe majeruhi kama atakutaka uwe. Mkono wa mtoto ukigusa bendeji hiyo kwa mara ya kwanza, hadithi imesonga mbele. Huenda kesho akairudia ile ya zamani. Usivunjike moyo.

Akikuuliza kama watu wabaya watarudi, usimwapie kwamba hawatarudi kamwe, kwa maana huna uwezo huo na siku moja atakugundua. Mwambie kwamba sasa yuko salama, kwamba uko naye, na umweleze jambo moja au mawili yanayofanywa kumlinda: geti linafungwa, ticha anajua nani wa kumchukua, nyumba ya shangazi ndiko mtakutana mkipotezana. Na uzime runinga. Hili la runinga nalisema kwa mkazo, kwa sababu sisi watu wazima ndio tunaoshindwa kuizima.

Mwalimu naye asijisahau. Wapo walimu walionusa moshi ule ule, na mchezo wa mtoto ukawarudisha walikotoka. Mwalimu akiona mikono yake inatetemeka, amwite mwenzake amshikie zamu. Hakuna aibu hapo.

KATIKA KIWANJA KIDOGO

Kwa mchezo wa kawaida, shule haihitaji vifaa vya fedha nyingi. Tangu kilipoanzishwa Kituo cha Kitaifa cha Elimu ya Watoto Wachanga, NACECE, mwaka 1984, walimu wa nasari nchini wamefunzwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vizibo, makopo, magunzi na vitambaa. Ujuzi huo ndio unaotakiwa hapa.

Mimi ningeweka masharti machache, tena ningeyatunga pamoja na watoto wenyewe ili wayalinde. Silaha ya kununua haiji shuleni. Kidole, kijiti kifupi au kipande cha mbao kinaweza kuwa chochote, mradi hakimgusi mtu. Asiyecheza haelekezewi. Neno 'simama' likisemwa na yeyote, wote wanasimama. Mapigano yana sehemu yake uwanjani, mbali na wanaochora na wanaolala. Na kila anayekuwa mwizi leo, kesho si yeye.

Zaidi ya masharti, mwalimu aongeze kazi. Mashujaa hula nini? Nani huwafulia nguo? Ramani ya pango iko wapi, na nani atakayeichora? Ukiwauliza maswali haya, utashangaa vita vitakavyosahaulika upesi, nao wasichana waliokuwa wamefukuzwa wataingia kwa mlango wa mbele. Wape pia mashujaa wa aina nyingine. Mtayarishe hadithi ya Nunda muiigize, mmoja akiwa mama anayesema "siye huyu". Au watazame Super Sema, kipindi cha vibonzo chenye asili yake hapa Afrika Mashariki kilichoanza kuonyeshwa YouTube Machi 2021, ambacho Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wakuu. Humo msichana mdogo hushinda adui kwa sayansi na ubunifu. Kipindi kimoja chatosha, kisha watoke nje.

HATARI ZA KWELI

Tukiacha hofu za mioyoni, kuna madhara ya mwili ambayo mzazi anaweza kuyazuia leo hii. Mwaka 2007 madaktari nchini Uingereza waliandika kuhusu watoto watano walioumia vibaya wakiwa wamevalia mavazi ya mashujaa, wengine kwa kuanguka kutoka juu. Katika nyumba zetu za ghorofa za Kangemi na Kawangware, ambako kizuizi cha roshani wakati mwingine ni chuma kimoja tu, onyo hilo ni letu pia. Mwambie mtoto wazi, bila mzaha, kwamba nguo haimpi mtu uwezo wa kuruka. Joho lisifungwe shingoni kwa fundo. Libanwe mabegani kwa kitu kinachofunguka likivutwa.

Bunduki zinazofyatua vidonge vya plastiki, zile ambazo Krismasi ikikaribia huwa tele mikononi mwa wachuuzi mjini, sizitaki hata kidogo. Kidonge kimoja machoni kinaweza kusababisha jicho kuvuja damu kwa ndani. Mtoto akipigwa jichoni, usilisugue, usilikande, usitie dawa ya macho iliyobaki kabatini. Lifunike bila kulibonyeza na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haoni maumivu makali. Upande huu wa jiji tuna bahati ya kuwa na hospitali ya macho ya Lions kule Loresho, na ile ya Kikuyu haiko mbali.

Vifaa vya kuchezea vyenye taa na milio vina betri ndogo za duara mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza, inaweza kuchoma koo kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe. Kimbia hospitali, na ukiweza beba kifaa chenyewe ili daktari aione aina ya betri.

Na mwalimu akikuita kando tena kesho, usianze kwa kuomba msamaha. Muulize mchezo ulianzaje, nani alikuwa mwizi, na uliishaje.